Mtu Ambaye Rais Hawezi Kumfuta Kazi

Mwaka 1986 Bunge la Kenya lilibadilisha katiba kwa namna ambayo haikumgusa mtu yeyote sokoni wala shambani siku ile. Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali walivuliwa ulinzi wa kazi zao. Hadi wakati huo, Rais aliyetaka kumwondoa mmoja wao alilazimika kuunda jopo la kumchunguza na kusubiri lilichosema. Baada ya hapo, kalamu yake ilitosha. Mwaka 1988 wakafuata majaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Rufaa. Katika mabadiliko hayohayo polisi waliruhusiwa kumzuilia mshukiwa wa kosa la kifo kwa siku 14 kabla ya kumfikisha kortini. Awali mwisho ulikuwa saa 24.

Wanasheria wachache na maaskofu wachache walipinga waziwazi. Wananchi wengine waliendelea na shughuli zao, na siwalaumu. Kifungu kinachoeleza jaji aondolewe kwa utaratibu gani hakina utamu wowote. Hakuna mwanasiasa anayekitaja jukwaani, hakuna anayekichora ukutani. Lakini kila ninavyozidi kuzisoma katiba za nchi yangu, ya zamani na ya sasa, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba uzito wote umekaa hapo. Swali la kwanza la kuiuliza katiba yoyote ni hili: nani anaweza kumwambia mkuu wa nchi "hapana", kisha Jumatatu asubuhi akarudi ofisini kwake kama kawaida?

Usipompata mtu huyo, haki zote zilizoandikwa hazina mwenyewe. Katiba ya zamani ilikuwa na sura nzima ya haki za binadamu, Sura ya V, na kifungu chake cha 74 kilikataza mateso. Sura hiyo haikufutwa hata siku moja. Ilikuwepo, neno kwa neno, wakati watu walipokuwa wakiteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya jiji la Nairobi. Serikali haikuhitaji kuifuta. Mwaka 1989 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zile haziwezi kudaiwa kortini kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kufungulia kesi kama hizo. Yaani raia ananyimwa haki yake na mahakama kwa kosa la mkuu wa mahakama! Waliokuwa wakiketi kwenye viti vile mwaka huo walikuwa majaji ambao Rais angeweza kuwatoa kwa sahihi moja.

Walioandika katiba ya 2010 hawakuyasahau hayo. Kifungu cha 22 cha katiba ya sasa kinampa kila mtu haki ya kwenda kortini haki zake zikivunjwa. Jaji Mkuu anatakiwa kutunga kanuni, halafu kinaongezwa kijisentensi kifupi: kukosekana kwa kanuni hizo hakumzuii mtu yeyote kufungua kesi. Msomaji wa leo anaweza kupita hapo bila kujua kwa nini kimewekwa. Mimi nikifika hapo husimama.

Mwaka 1988 ulikuwa pia mwaka wa mlolongo. Kwenye uteuzi wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria tangu 1982, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake. Aliyepata asilimia 70 au zaidi akawa mbunge moja kwa moja, bila kura ya siri. Marehemu mjomba wangu alisimama kwenye foleni iliyopinda ikatoka nje ya uwanja wa shule. Jioni ikatangazwa kwamba mshindi ni yule mwenye foleni fupi. Hapakuwa na karatasi za kuhesabu upya, kwa maana watu ndio waliokuwa kura, na watu walikuwa wameshakwenda nyumbani kwao. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mbona hawakwenda kushtaki. Akaniambia, "Kwa nani, mwanangu?"

Bunge lililotokana na mlolongo ule ndilo lililowavua majaji ulinzi. Naomba msomaji aone jinsi mambo yanavyofungamana. Mihimili ile 3 tuliyokaririshwa shuleni, Bunge, Serikali na Mahakama, yote ilikuwepo. Bunge lilikutana, majaji walivaa majoho, Baraza la Mawaziri liliketi. Mgawanyo ulikuwa kamili kwenye chati ya ukutani, lakini kila aliyekuwa kwenye ile chati alikuwa amekalia kiti alichopewa na mtu mmoja.

Hata hatukuanza vibaya. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo yenye mabaraza yake, na Bunge la nyumba 2, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mwishoni mwa 1964 chama cha upinzani, KADU, kilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na nyumba ya chini, na katika miaka hiyohiyo majimbo nayo yakafa. Haikutumika bunduki. Wale waliopewa kazi ya kukataa walikubali, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sababu zake na malipo yake.

Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990, shinikizo lilipozidi, na mwishoni mwa 1991 kifungu cha chama kimoja kikaondolewa. Ila imani haikurudi pamoja na kifungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wapinzani walisema wazi kwamba hawaendi kortini, kwa sababu huko hawatapata haki. Kilichofuata tunakijua: zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wengine huieleza ghasia ile kwa ukabila peke yake, na ukabila ulikuwepo, tena mkali. Mimi huwa nakumbuka jibu la mjomba. Nchi nzima ilikuwa imeuliza "Kwa nani?" na ikakosa jibu.

Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, na ambayo Rais Mwai Kibaki aliizindua Uhuru Park tarehe 27 ya mwezi huohuo, ukiisoma kwa jicho hilo utaona ni jitihada ya kuwazidisha watu wasiofutika. Jaji anakaa hadi umri wa miaka 70. Hawezi kuondolewa hadi Tume ya Huduma za Mahakama ipokee malalamiko, iyapime, na jopo maalumu limsikilize. Mshahara wake hauwezi kupunguzwa akiwa kazini. Anayetaka ujaji huhojiwa na Tume hadharani, na Rais anapelekewa majina kwa ajili ya kuteua. Mawaziri hawawi wabunge tena, ili anayehojiwa asiwe anaketi pamoja na wanaomhoji. Kaunti ni 47, kila moja na gavana wake na bunge lake, na sheria inazihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge.

Kuna ofisi moja ambayo watu huitaja kwa nadra, nami naipenda kuliko zote: Mdhibiti wa Bajeti. Ofisi hii ilianzishwa na katiba ya 2010. Kifungu cha 228 kinasema fedha hazitoki katika Mfuko Mkuu wa Serikali wala katika mfuko wa kaunti bila idhini yake, na haruhusiwi kuidhinisha mpaka aridhike kwamba utoaji huo una ruhusa ya sheria. Muhula wake ni miaka 8, na hakuna wa pili. Mkaguzi Mkuu naye vivyo hivyo. Hilo la kutokuwa na muhula wa pili ni jambo la busara kubwa. Mtu anayetaraji kuongezewa muda mwakani hawezi kuwa na ulimi huru mwaka huu.

Nilihudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ya kaunti yetu, kwenye ukumbi wa kijamii wenye viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokuwa kikikatika. Mama mmoja alisimama akauliza kwa nini zahanati yao ina jengo jipya lakini haina muuguzi. Ofisa wa kaunti akaanza kueleza kwamba fedha zimechelewa kutoka Nairobi. Mama akamkatiza: "Fedha za jengo hazikuchelewa." Ukumbi ukapiga makofi. Kisha akasoma, kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, mstari wa ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti ulioonyesha ni kiasi gani idara ya afya ya kaunti ilikuwa imetumia hadi robo ile ya mwaka. Kijana wake alikuwa ameipakua kwenye simu na kumwandikia. Ofisa hakuwa na pa kwenda. Akasema atafuatilia, na mwenyekiti akamtaka aandike tarehe ya kuleta jibu.

Nimeeleza hili kwa kirefu kwa sababu wengi wetu hudhani kazi ya katiba hufanyika Mahakama ya Juu na Bungeni tu. Pale ukumbini palikuwa na mgawanyo wa madaraka wa kweli. Mtu mmoja Nairobi, ambaye gavana hawezi kumgusa, aliandika hesabu. Sheria ikamlazimu aichapishe. Mama ambaye hana cheo akaishika mkononi.

Ofisi hiyo imeshajaribiwa. Mapema 2023 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliiambia kamati ya Bunge kwamba siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 alishinikizwa kuidhinisha mabilioni ya shilingi. Jambo lenyewe ni zito, ila mimi lililonishika ni kwamba alilisema, hadharani, mbele ya wabunge. Mwaka 1987 asingekuwepo mtu wa kulisema.

Sasa 2017. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 11 Agosti, Rais Uhuru Kenyatta akapewa asilimia 54 na Raila Odinga karibu asilimia 45. Katiba inampa asiyeridhika siku 7 za kufungua kesi, na inaipa Mahakama ya Juu siku 14 za kuamua. Safari hii wapinzani walikwenda kortini. Ijumaa tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu David Maraga alisoma uamuzi wa majaji 4 dhidi ya 2: uchaguzi wa urais ulikuwa batili, urudiwe ndani ya siku 60. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Hoja yao ilihusu njia zaidi ya jumla ya kura. Kila kituo hutoa Fomu 34A, na fomu hizo hujumlishwa kwenye Fomu 34B ya eneobunge. Tume ya uchaguzi ilitangaza mshindi kabla haijapata fomu zote za vituo, na mahakama ilipoamuru mitambo yake ikaguliwe, haikutii kikamilifu. Katiba inadai kura inayoweza kuthibitishwa, na majaji wakasema hii haikuthibitika.

Rais alisema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Siku hiyohiyo, akihutubia wafuasi wake sokoni, aliwaita majaji wale wakora. Sitalipamba neno hilo. Lakini Maraga aliendelea kuwa Jaji Mkuu mpaka alipofikisha miaka 70, Januari 2021. Rais mwenye hasira, mwenye wabunge wengi, mwenye polisi na jeshi, hakuweza kumwondoa. Kwa Mkenya aliyeishi 1988, hicho kilikuwa kitu cha kushika kichwa kwa mikono miwili.

Wenzetu wa Tanzania hawana hata mlango wa kubisha. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishatangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha kwenyewe, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Nayataja haya kwa sababu nimeona ndugu zetu wakibishana mtandaoni kama Wakenya ni jasiri zaidi yao. Sioni kwamba ujasiri ndio tofauti. Majaji wetu walipewa kesi ya kusikiliza.

Ila hapa ndipo ninapotaka tufungue macho, maana ushindi wa Septemba 2017 umetulaza usingizi. Wakubwa nao husoma katiba. Walipoona mtu huyu hafutiki, walitafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni kiti kitupu.

Tazama Jumatano tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio. Kulikuwa na kesi ya dharura ya kuomba uchaguzi uahirishwe. Serikali ilikuwa imeitangaza siku hiyo kuwa ya mapumziko, na Jaji Mkuu akaelekeza kwamba mahakama itaketi hata hivyo. Jioni iliyotangulia, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi na watu waliokuwa na silaha. Asubuhi ukumbi ulijaa mawakili, kamera zikiwa tayari. Wakatoka majaji 2 tu, Maraga na Isaac Lenaola. Katiba inataka majaji 5 ndipo mahakama ikamilike. Maraga akaeleza kwamba wenzake hawakuweza kufika, mmoja mgonjwa, mwingine yuko nje ya Nairobi, na hivyo kesi haiwezi kusikilizwa. Ikaishia hapo. Hakuna jaji aliyefutwa. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Kesho yake watu wakapiga kura.

Kisha ikaja ile orodha ya majaji. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilimpelekea Rais majina 41. Kifungu cha 166 kinasema Rais atateua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume. Majina yakakaa. Mahakama ikasema ni lazima ateue, yakaendelea kukaa. Tarehe 13 Mei 2021 majaji 5 wa Mahakama Kuu walisimamisha mpango wa Rais wa kubadilisha katiba, ulioitwa BBI (Building Bridges Initiative), wakisema Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekewa wananchi wa kawaida, hoja ambayo Mahakama ya Juu iliikubali Machi 2022. Wiki chache baada ya uamuzi ule wa Mei, Rais aliteua majaji 34 na kuwaacha 6; mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki. Wawili kati ya walioachwa, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa kwenye lile jopo la BBI. Mahakama Kuu ikaamuru wateuliwe ndani ya siku 14. Hawakuteuliwa mpaka Septemba 2022, Rais mpya, William Ruto, alipoingia.

Na huyo Rais mpya naye tukaona kiti kitupu cha aina yake. Makamishna wa mwisho wa tume ya uchaguzi walimaliza muda wao Januari 2023. Wapya waliapishwa Julai 2025. Kwa zaidi ya miaka 2 Kenya ilikuwa na tume isiyo na tume. Maeneobunge kama Banisa yalikaa bila mbunge kwa sababu hakuna wa kuitisha uchaguzi mdogo.

Bunge sijalisema sana, na ni kwa makusudi. Ndilo kizuizi dhaifu kuliko vyote tulivyonavyo. Lina nguvu kubwa kwenye karatasi, na Oktoba 2024 lilionyesha kwamba linaweza hata kumng'oa Naibu Rais, Rigathi Gachagua, kwa kura 281 kabla Seneti haijakamilisha kazi. Lakini lilimng'oa wakati Rais alikuwa amekwisha kosana naye. Miezi michache kabla, tarehe 25 Juni, Bunge hilohilo lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakilia nje ya lango. Baadhi yao waliuawa siku ile. Rais alikataa kuusaini siku iliyofuata, na kila mtu anajua ni nani aliyemkatalia. Nawaheshimu vijana wale kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Nakasirika pia, kwa sababu kazi waliyoifanya kwa damu ilikuwa ya watu 349 wanaolipwa mshahara kuifanya wakiwa wamekaa.

Mbunge hafutwi kazi na Rais. Lakini anategemea tiketi ya chama, na anategemea kuonekana na miradi. Fedha za maendeleo ya eneobunge (CDF) zimemgeuza kuwa mtekelezaji, wakati kazi yake ilikuwa kumsimamia mtekelezaji. Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya CDF ya 2013 kuwa kinyume cha katiba mwaka 2022, kwa sababu inavuruga mgawanyo wa madaraka na kuingilia kazi za kaunti. Wabunge walikuwa wameshatunga nyingine mwaka 2015, na Mahakama Kuu ikaifuta nayo mwaka 2024. Bado hawataki kuachana nazo.

Kwa hiyo ukiniuliza ningebadilisha nini, sianzi na vyeo vipya wala maeneobunge mapya. Naanza na saa. Katiba imempa mshindwa siku 7, imewapa majaji siku 14, imeipa tume siku 60 za kurudia uchaguzi. Rais anayeletewa majina ya majaji hakupewa siku hata moja. Kifungu cha 166 kinasema atateua, bila kusema lini. Miaka 3 ya kuwaacha watu wakisubiri iliingia katika pengo hilo. Siku 14 zikiandikwa pale, na ikaandikwa kwamba zikipita Jaji Mkuu atawaapisha, tutakuwa tumeziba tundu kubwa kuliko yote ninayoyaona kwenye katiba hii. Vivyo hivyo kwa tume ya uchaguzi: makamishna wapya wapatikane kabla wa zamani hawajaondoka. Wagombea wa 2027 wameanza kuzunguka vijijini kwetu na wanapenda kuulizwa kuhusu barabara. Mimi nitawauliza kuhusu kifungu cha 166, na ningefurahi nisiwe peke yangu ukumbini.